Nilisema Sipendi Rangi

Kwanza niseme wazi: nina hasira, na asitokee mtu hapa kuniambia nipoe. Nikipoa nitaanza kulia, na kulia sina nafasi. Mashuka ya watu yananingoja kwenye beseni.

Hasira zenyewe ni za urithi. Baba yangu ni fundi wa magari, na mtaa mzima unamwita Daktari, ingawa shule aliiacha akiwa bado mdogo na sindano anaiogopa mpaka leo. Jina hilo amepewa kwa sababu ya bisibisi. Anayo bisibisi moja ndefu ya mpini wa mbao, ambayo haijawahi kufungua skrubu hata moja. Kazi yake ni nyingine. Ncha anaiegemeza kwenye injini inayonguruma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, anasikiliza. Anaihamisha kidogo, anasikiliza tena. Akimaliza anakwambia injini yako inaumwa nini, upande gani, tangu lini, na wewe mwenye gari ulifanya upumbavu gani. Hapo kwenye upumbavu ndipo sauti inapopanda. Nimewaona watu wazima na vitambi vyao wamesimama mbele ya baba kama watoto waliovunja sahani, kisa hawakubadilisha oili.

Na alikuwa anapatia. Sitii chumvi. Watu walikuwa wanatoka mbali, wanapita gereji tano zenye vioo na viyoyozi, wanakuja kwenye banda letu la mabati ili Daktari asikilize.

Pale gerejini kuna sheria mbili, na ukitaka kuishi na baba kwa amani unazijua kabla ya kujua choo kiko wapi. Ya kwanza: Daktari akisikiliza, watu wote kimya. Nyundo chini, redio inazimwa, na hakuna anayetangulia kusema ugonjwa wa gari. Hata kama injini inalia mpaka mpita njia anajua kilichokatika, unangoja Daktari aseme. Msaidizi wake, ambaye sote tunamwita Mrefu, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne, aliwahi zamani kujisahau akasema, "Daktari, hii mbona ni pampu ya maji." Baba aliweka bisibisi chini, akafuta mikono, akaenda nyumbani. Siku tatu hakutia mguu gerejini. Ilibidi Mrefu aje kuomba radhi kupitia kwa mama, kama mtu anayeposa. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu tena.

Sheria ya pili ni ya magari yanayouzwa. Gari la kuuzwa lisiwashwe kabla Daktari hajafika. Baba anasema injini mbovu ikishapata joto inajifanya nzima, na wauzaji wanalijua hilo, wanaiwasha asubuhi mapema wanaizungusha mpaka kelele zitulie. Kwa hiyo yeye akifika kwa muuzaji, salamu baadaye. Kwanza anaweka kiganja juu ya boneti. Akikuta pana moto anageuka na kuondoka, na usijaribu kumwita.

Mimi ni dobi. Nafua mashuka, foronya na taulo za nyumba za wageni, mimi na wanawake wawili ninaowalipa. Mume nilikuwa naye, akaenda zake, na leo si siku ya kumzungumzia. Nimerudi kwa wazazi, uani kwao nimefunga kamba sita, na kamba hizo ndizo zinazonilisha mimi na wanangu. Karibu kazi yangu yote inatoka kwa mama mmoja mwenye nyumba tatu za wageni, tunamwita Madamu. Ni mtu mwenye haki, lakini hana dogo. Mwanzoni mwa mwezi huu mkokoteni wangu uliteleza kwenye tope na mashuka arobaini yakaingia mtaroni. Madamu hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, kuanzia tarehe moja sitaki tena kuona mashuka yangu juu ya mkokoteni. Njoo na gari lililofunikwa, kabla ya saa sita mchana. Ukishindwa, kuna watu wenye mashine wameshaniomba kazi."

Basi. Gari, au nikunje kamba zangu.

Akiba nilikuwa nayo, ya miaka minne. Alikuwa ananishikia baba, kwenye droo ya chuma kule gerejini, kwa sababu pesa ikikaa nyumbani kwetu ndugu wanaisikia harufu. Ilitosha gari moja kuukuu la mizigo. Likinifia, la pili halipo.

Sasa nieleze jambo ambalo nyumbani lilikuwa halijasemwa. Baba alikuwa hasikii. Sijui lilianza lini. Redio ilianza kupanda sauti. Birika likawa linachemka mpaka linakauka mbele yake. Ukimwita kwa nyuma hageuki, ukimwita kwa mbele anajibu. Nasi, bila kukaa kikao chochote, tukaanza kusimama mbele yake tunapoongea, tukaanza kupaza sauti, mama akaanza kumgusa bega kabla ya kumwambia chakula tayari. Wanangu walijifunza hivyo kama walivyojifunza kunawa mikono. Hakuna aliyetamka neno lenyewe. Nani amwambie? Mtu aliyepewa jina na sikio lake, umwambie halipo?

Kule gerejini nako Mrefu alikuwa na ujanja wake. Mteja akieleza, Mrefu anayarudia maneno yote akimtazama baba usoni: "Anasema inagonga, Daktari, upande wa mbele." Baba anasikiliza kwa bisibisi, anatoa hukumu. Ikiwa sawa, heri. Isipokuwa sawa, Mrefu anaitikia "ndiyo Daktari", anangoja mzee aende kula, anaifungua injini upya na kutengeneza ugonjwa wa kweli. Haya nilikuwa nayajua. Mrefu aliniambia mwenyewe, siku moja alipochoka.

Utaniuliza, kama nilijua, kwa nini nilimpeleka kusikiliza gari langu? Uliza tu, hata mimi najiuliza mpaka kichwa kinaniuma. Ningempeleka nani? Ningemchukua fundi mwingine, si ingekuwa kama kupanda juu ya paa na kutangaza? Tena nilijidanganya. Nilisema moyoni kwamba ile bisibisi inapeleka sauti moja kwa moja ndani, kwamba kwenye injini bado anasikia hata kama mezani hasikii. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Gari lilikuwa la karani mmoja mstaafu, gari dogo la mizigo, jeupe, milango miwili nyuma, kioo cha mbele kimebandikwa karatasi ya "Linauzwa". Tulikwenda Jumatatu asubuhi, mimi, baba na Mrefu. Karani alikuwa amepiga pasi shati, na kalamu tatu mfukoni kana kwamba ofisini wanamngoja.

"Karibuni sana," alisema. "Sijaliwasha tangu jana, kama mlivyoagiza."

Baba aliweka kiganja kwenye boneti, akakiacha pale, kisha uso ukalainika.

"Baridi," alisema. "Umefanya vizuri, mzee mwenzangu. Haya, liwashe."

Karani akaingia, akawasha.

Ko, ko, ko, ko, ko.

Jamani. Haikuwa sauti ya kutafuta. Ilikuwa kama kuna mtu amefungiwa ndani ya injini na nyundo, anagonga afunguliwe. Mimi si fundi, lakini nimezaliwa gerejini, na mlio ule naujua. Nilimtazama Mrefu. Mrefu alikuwa anatazama viatu vyake. Mwanamke wa nyumba ya jirani, aliyekuwa anamenya viazi mlangoni, akainua kichwa.

Karani alishuka. Uso wake ulikuwa umejaa aibu ya mtu aliyekuja kukiri, nakuapia. Alisema, "Daktari, kabla hujasikiliza, nilitaka niwaambie kwamba hii injini..."

Baba akainua mkono. Kimya. Hakuna anayetangulia kusema.

Baba akafungua boneti, akatoa bisibisi yake, akaegemeza ncha, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. Akahamisha. Akasikiliza tena. Nyundo ndani ikiendelea, ko, ko, ko. Nami nimesimama pale, naomba Mungu, naomba bisibisi, naomba hata ile injini yenyewe, igonge kwa nguvu zaidi.

Baba akafumbua macho. Alikuwa anatabasamu.

"Binti yangu," alisema, "hii injini imetulia. Mwenyewe ameitunza. Nampa hongera."

Mdomo wa karani ulikuwa bado wazi na maneno yake ndani. Nikauona unafunga. Ule mdomo nitakwenda nao kaburini. Ulifunga polepole, ukameza, halafu ukafunguka na maneno mengine.

"Ehe, nimeitunza," alisema. "Ndiyo maana bei yangu ni ile ile. Sipunguzi."

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaniwaka. Dakika moja nyuma alikuwa mtu mwungwana. Sasa anatutazama kama watu waliokuja kununua mbuzi kwenye gunia, na anaona kabisa kwamba anayelishika gunia ni mzee wa watu asiyesikia. Nilitaka kumrukia. Nilitaka zile kalamu tatu nizivunje moja moja. Na baba naye nilimkasirikia, sifichi, kwa lile tabasamu. Hakuwa ametabasamu hivyo siku nyingi. Alisimama pale na bisibisi mkononi, na watu wanamtazama, na alikuwa na furaha.

Ningesema. Maneno yalikuwa matatu tu: baba, injini inagonga. Badala yake nikasema, "Sipendi rangi."

"Nini?" baba akaniuliza.

"Rangi!" nikapaza sauti, mpaka jirani mwenye viazi akaacha kisu. "Sipendi rangi yake, baba! Nyeupe inachafuka!"

Baba akanitazama mikono yangu, iliyochubuka kwa sabuni. "Wewe kutwa unafua mashuka meupe, leo unaogopa gari jeupe?"

Karani akacheka. Alithubutu kucheka! Nikageuka nikaondoka kabla sijafanya kitu cha kunipeleka kituoni.

Njiani baba alitangulia, anatembea kwa hasira, kisigino kinachimba ardhi. Tulipofika kwenye daraja akasimama na kunigeukia. "Mimi nimesimama mbele za watu, nimetoa neno langu," alisema. "Neno langu mimi! Na wewe unaniletea rangi." Kisha akaendelea na safari.

Nyuma yake mimi na Mrefu tulikuwa tunagombana, tena bila kunong'ona, maana hapakuwa na haja.

"Dada, beringi za ile injini zimekwisha," Mrefu alisema. "Ile haimalizi wiki tatu. Itajipasua yenyewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Mimi? Wewe kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye fundi!"

"Wewe ndiye mtoto wake!"

Tukarushiana hivyo mpaka nyumbani, na mzee yuko hatua kumi mbele yetu.

Mama nilimkuta uani. Tulianza kukunja mashuka, kazi ya watu wawili, kila mmoja ameshika pembe zake, mnasogeleana mnaachana. Nilimwambia yote. Mama alikuwa ananyoosha shuka kama mtu asiyesikia naye.

"Mama, lazima aambiwe."

"Punguza sauti."

"Nipunguze ya nini? Hata nikipiga ngoma hasikii!"

Hapo alilivuta shuka kwa nguvu mpaka likanitoka mkononi. "Usimvunje baba yako," alisema. "Ukimnyang'anya lile sikio, unamwachia nini? Akae barazani ahesabu nzi? Umeshasema ni rangi, shikilia hapo hapo. Ataisahau, na wewe utatafuta gari jingine. Jikaze kisabuni, mwanangu."

Nami nikakubali. Mama simlaumu, au namlaumu kidogo tu. Ninayemlaumu ni mimi. Kwa sababu baba hakusahau. Usiku wa Jumatatu hakula vizuri. Jumanne asubuhi, nikiwa nasugua, alikuja akasimama mbele yangu, akanitazama mdomo.

"Ni rangi tu?" aliniuliza.

"Rangi tu, baba."

"Hakuna kingine ulichokiona?"

"Hakuna."

Jumatano akaniuliza tena, maneno yale yale, safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba. Mtu ambaye hajawahi kuomba chochote hapa duniani, akiniuliza kama kuna kingine. Nikamwambia hakuna. Nikamtazama machoni nikamwambia hakuna. Aliitikia kwa kichwa akaenda kazini.

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, nilikuwa naanika. Kamba zote sita zimejaa, jua zuri, upepo kidogo. Mmoja wa wanawake ninaofanya nao kazi akainua kichwa.

"Kuna mtu anagonga geti?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshausikia mlio, tangu kona ya barabara. Ko, ko, ko, ko.

Lile gari jeupe liliingia uani taratibu, likapita kati ya mashuka, likasimama. Injini inagonga, majirani wameshatoka milangoni, watoto wa chekechea ya jirani wanaiga, ko ko ko, na kucheka. Baba akashuka. Alikuwa amevaa shati lake la kwendea harusini. Hakuizima injini, alitaka niisikie. Mkononi alikuwa na kopo.

"Haya," alisema, na sauti yake ilijaa uani kote. "Gari lako hilo. Hatuwezi kuacha injini ya namna ile kwa sababu ya rangi. Rangi ni kitu cha kupakwa!" Akaniinulia lile kopo. "Buluu. Nimekuchagulia mwenyewe. Jumapili Mrefu anapaka, tarehe moja unampelekea Madamu mashuka yake kama mtu. Na bei sikumbembeleza yule mzee. Gari alilolitunza vile, ningeona haya."

Miaka yangu minne. Kila foronya, kila taulo, kila kucha iliyong'oka. Nililipuka.

"Pesa yangu, baba! Pesa yangu!"

"Nini?"

"Umenunua gari bovu! Injini imekufa! Inagonga, mtaa mzima unasikia!"

"Sema taratibu," alisema, akinitazama midomo. "Ukikasirika unameza maneno."

"Husikii!" nikapiga kelele. "Baba, husikii! Husikii!"

Hilo alilisoma. Niliona limefika. Mama alikuwa ametokea mlangoni na mkono mdomoni. Mwanamke aliyekuwa anasugua aliacha kusugua.

"Nani hasikii?" baba alisema. "Mimi? Mimi Daktari?"

Pa kurudi nyuma hapakuwepo tena. Nikalitua kopo chini, nikamshika mkono, nikampeleka mbele ya gari, nikafungua boneti. Nikachomoa bisibisi mfukoni mwake. Mkono wake ukaipeleka moja kwa moja sikioni, kwa mazoea, nikaushusha. Nikaegemeza ncha kwenye injini mimi mwenyewe, nikaufunga mkono wake kwenye mpini kwa mikono yangu yote miwili. Alijaribu kujitoa. Lakini mimi nakamua mablanketi, hakuweza.

"Usisikilize," nilimwambia usoni. "Shika tu."

Kisha nikasimama nyuma yake, nikaweka kidole begani kwake. Kila injini ilipogonga, nami nikamgonga. Ko, begani. Ko, begani. Ko, ko, ko.

Mwanzoni alikuwa ananguruma, ananiambia nimeota pembe, ananiuliza nani amenifundisha adabu hii. Halafu nikaona kidole gumba chake kinasogea kwenye mpini, kinatafuta, kinatulia. Akapeleka mkono wa pili kwenye waya wa mafuta, akauvuta. Injini ikapanda, ugongaji ukakimbia, na kidole changu kikakimbia nao. Akauachia. Ukapungua, nami nikapunguza. Akarudia tena. Alikuwa anafanya kazi sasa, mgongo wake niliujua, ulikuwa mgongo wa fundi. Alirudia mara ya tatu, na ya tatu aliivuta kidogo tu, kama mtu anayefungua mlango ambao anajua nyuma yake kuna nini.

"Beringi," alisema. Kwa sauti ndogo. Baba yangu hajawahi kutaja ugonjwa wa gari kwa sauti ndogo.

Akaenda akaizima injini.

"Tangu lini?" aliniuliza. Hakuwa anauliza habari za beringi.

Nilisimama mbele yake, aone. "Miaka miwili, baba. Pengine mitatu."

"Mrefu anajua?"

"Anajua."

"Na magari ninayoyasikiliza?"

Nilitaka kudanganya tena. Mdomo ulikuwa umeshaanza. "Anayafungua upya," nilisema. "Ukienda kula."

Aliitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia Jumatano. Hakumtazama mama, ingawa mama alikuwa hatua tano tu kutoka pale, analia bila sauti.

"Na yule karani?"

"Alitaka kukwambia. Ukamnyamazisha."

Nilimngoja alipuke. Nilitaka alipuke, nakwambia kweli, nilitaka atukane ukoo mzima, arushe lile kopo, aniambie nitoke kwake na mashuka yangu. Hiyo ndiyo lugha yetu mimi na yeye, ningejua pa kushika. Alikuwa na haki yote. Lakini alifuta mikono yake kwa kitambaa, ingawa haikuwa na oili, alifuta kila kidole, akakikunja kitambaa na kukirudisha mfukoni.

"Nilikuuliza," alisema. "Jumanne nilikuuliza, na Jumatano."

"Ndiyo, baba."

Akainama akaokota lile kopo la rangi, akaligeuza, akasoma maandishi yake kana kwamba yangebadilika.

"Kwa hiyo haikuwa rangi," alisema.